Vifaranga Wageni Katika Banda la Kina Mama

Mabinti zangu, banda sasa ni lenu na mimi nimekaa. Magoti hayataki tena kuinama chini ya vichanja, na kifua kimekula vumbi la maranda mpaka kimechoka. Hamsini sijafika, lakini nikipanda kutoka mtoni na ndoo nasimama mara tatu. Sisemi hivi mnionee huruma. Nataka mjue kwamba nitakayowaambia sikuyasoma mahali, yamenitoka mgongoni.

Kulisha mtaweza. Kufagia mtaweza, mmefagia tangu mnajua kushika ufagio. Kuokota mayai hata mtoto wa miaka minne anaweza, ilimradi asiyabebe kwenye gauni. Kitakachowashinda ni kuingiza vifaranga wageni kwa kuku wakubwa waliokwisha kuzoea banda. Hapo ndipo mimi nilianguka, tena mbele ya kijiji kizima.

Zamani kazi hiyo haikuwepo. Mama yangu alikuwa na kuku wake watano jikoni, wanalala pembeni ya mafiga. Kuku akiatamia anatoka na watoto wake, na ole wake kuku mwingine awasogelee. Yule mama anavimba anakuwa kama kikapu. Wiki chache hivi, wale watoto wameshajulikana, wameshapata nafasi yao, hakuna aliyefanya lolote. Kazi yote kaifanya mama yao. Sisi tulikuwa tunatupa mahindi tu na kujiita wafugaji.

Halafu wakaja vifaranga wa mashine. Wanapanda na lori kutoka Mombo ndani ya boksi lenye matundu, hawajawahi kuona kuku mkubwa maishani. Hawana mama. Hawajui hata kuogopa. Unawaweka chini, wanamkimbilia mtetea wa kwanza wanayemwona, wanadhani wamefika nyumbani. Naye anawapiga mdomo utosini.

Banda letu lilianza mwaka ule tulipoambiwa kila nyumba itoe kuku wawili. Kijiji kimekuwa cha ujamaa, basi na kuku nao wawe pamoja, na mayai yaende kwa watoto wadogo wanaoletwa kliniki. Pengine ninyi hamkuwaangalia sana, lakini hapa juu ya Soni kulikuwa na watoto wenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba, na kabichi tulizokuwa tunapeleka sokoni hazikuwasaidia kitu. Yai ndilo lililowasaidia. Hilo banda limewekwa kwa ajili hiyo, na kila nilipotaka kuacha nilikuwa nakumbuka hiyo miguu.

Basi Mwenyekiti wa kijiji akatangaza siku. Watu wakaja na kuku wao chini ya kwapa, wamewafunga miguu kwa kamba za mgomba. Mwenyekiti akatoa hotuba. Akasema leo kuku hawa hawana mwenyewe, ni wa wote, wafunguliwe kwa pamoja. Tukawafungua kwa pamoja. Mabinti zangu, kulikuwa na majogoo tisa humo ndani. Tisa. Hotuba ilikuwa haijaisha. Jogoo mmoja alitoka na kuruka juu ya meza, akajisaidia kwenye karatasi za Mwenyekiti, akashuka upande wa pili akaendelea kupigana. Watu wakainama wote kama wanaotafuta sindano, hakuna anayetaka kuonekana anacheka.

Pale pembeni alikuwa amekaa Bi Zaina, bibi mmoja wa upande wa msikitini aliyefuga kuku tangu utoto wake. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, akanishika mkono.

"Wewe ndiye umepewa banda?"

"Mimi, bibi."

"Mwambie huyo mghosi wenu, Mwenyekiti, kuku hawajui mkutano. Kuku anajua nani anakula kwanza, basi. Ukileta mgeni wanapanga upya, na kupanga kwao ni kwa damu."

Nilimwambia nitamwambia. Sikumwambia. Nilikuwa mgeni wa madaraka na nilipenda kuitwa mtunza banda. Hilo nalikiri.

Kwa Bi Zaina ndiko nilikopata karibu kila kitu. Alikuwa hajui kusoma, mimi ndiyo kwanza nilikuwa darasa la jioni, naandika jina langu kwa kutoa ulimi. Nikitoka darasani napitia kwake, ananiambia, nami nikifika nyumbani naandika maneno mawili matatu ili nisisahau. Nilikuwa na daftari limeandikwa "masizi", sijui ni masizi ya nini. Ilibidi nirudi kumuuliza. Akacheka mpaka akajifunika khanga. "Mwanangu, unaandika nusu halafu unakuja kuniuliza nusu. Si bora uache kuandika?"

Masizi ni haya. Kuku akitoka damu, hata tone, wenzake wanaifuata ile rangi nyekundu mpaka wamalize. Usimwonee huruma tu ukamwosha na maji. Paka masizi ya chungu mahali penye damu, pawe peusi, wasione chochote. Weka kopo la masizi juu ya mlango, mahali unapofikia bila kutafuta. Nimeokoa kuku wengi kwa uchafu wa chungu kuliko kwa dawa.

Mwaka wa pili wakaletwa vifaranga arobaini wa mashine. Wana wiki sita, manyoya yameanza kutoka, wako hivi hivi, shingo ndefu kama wavulana wanaobalehe. Bi Zaina aliniambia nikate banda katikati kwa fito, vifaranga wakae upande mmoja, mitetea upande wa pili, waonane lakini wasigusane. Wiki tatu kamili. Nilikata fito kule kwenye ukingo wa msitu kwa ruhusa ya watu wa misitu, nikazibeba kichwani, nikaanza kuzisimamisha. Mwenyekiti akapita.

"Mama Yona, unajenga nini?"

"Uzio, Mwenyekiti. Hawa watoto wakae huku kwanza."

"Na wale wakubwa kule?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu. "Wakoloni walikuwa na klabu yao na sisi tunapita nje. Tumepata uhuru tuondoe hayo mambo. Sasa wewe unaleta ubaguzi ndani ya banda la kijiji?"

"Ni kuku, Mwenyekiti."

"Leo kuku, kesho watu. Toa."

Nikatoa. Msicheke. Siku zile neno ubaguzi likitajwa juu yako ulikuwa unaliogopa kuliko kipindupindu. Na Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, mkumbuke hilo. Alitoa kuku wake wawili wa kwanza kabisa, na hakuna siku aliyokula yai la lile banda. Ila alikuwa anaamini kwamba kitu kikisemwa vizuri mkutanoni kimeshatendeka.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikadhani kuna nguo imeanguka kwenye kona. Walikuwa ni vifaranga, wamebanana kwenye kona ile, waliokuwa chini wamekosa hewa, waliokuwa juu wamechunwa vichwa. Kumi na tisa wamekufa. Waliobaki walikufa mmoja mmoja wiki hiyo, wengine kwa majeraha, wengine kwa kutokula, maana kila wakisogelea chakula wanafukuzwa. Mama Rehema, yule mjane jirani yangu ambaye mtoto wake alikuwa anapewa yai kila siku kwa amri ya kliniki, alikaa chini mlangoni. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mitetea walikuwa wanazeeka, wanataga kwa kusuasua, na hao vifaranga ndio waliokuwa wachukue nafasi.

Nilichimba shimo peke yangu. Nilisali palepale, na sikuomba nisamehewe kwa kukosa ujuzi, maana ujuzi nilikuwa nao. Nilijua na nikanyamaza.

Mkutano uliofuata ukaamua hivi: wataletwa vifaranga mara moja tena, na wakifa hao, banda linageuzwa ghala la mbolea. Wanaume walikuwa wanalitaka kwa muda mrefu, lina bati na sakafu nzuri. Hakuna aliyepinga. Ningepinga kwa lipi?

Nipumzike kidogo hapo niwaambie mambo ya mkono, kabla sijasahau.

Nafasi kati ya fito na fito iwe kidole kimoja. Mimi nilianza na vidole viwili, nikaona panatosha kwa sababu kifaranga hapiti. Hapiti, lakini kichwa kinapita. Nilimkuta mmoja ameingiza kichwa kuangalia wenzake, na mtetea upande wa pili ameshakishika; nilimwokoa kwa bahati tu. Kidole kimoja. Tumieni kidole cha mtu mzima aliyelima.

Vyombo viwili vya maji, viwili vya chakula, mbali mbali. Kama ni kimoja, mkubwa atasimama hapo hata kama ameshiba, kama mtu anayekaa mlango wa duka la ushirika siku ya sukari.

Wekeni matenga yaliyotoboka, mmeyafunika chini juu, yameinuliwa kidogo kwa jiwe. Kifaranga anaingia chini yake, mtetea haingii. Mtoto anayejua pa kukimbilia hapati hofu, na asiyekuwa na hofu hakimbii ovyo, na asiyekimbia hafukuzwi.

Siku ya kuwachanganya, ning'inizeni kabichi kwa kamba, juu kidogo, kuku waruke ndio waidonoe. Kabichi hapa kwetu haikosekani. Kuku mwenye kazi hana muda wa kupiga watoto. Hii siyo ya Bi Zaina, hii niliigundua mwenyewe, na nilipomwambia Bi Zaina akasema, "Sasa umeanza kuwa na akili," nikalala vizuri siku hiyo.

Na baridi ya Julai, ukungu ukikaa siku tatu, msiwachanganye kabisa. Kuku wenye baridi wana hasira. Mimi pia.

Sasa wale vifaranga wa mwisho. Walifika ishirini na sita. Nikasimamisha fito siku hiyo hiyo kabla Mwenyekiti hajapita, nikazikaza kwa kamba za magome. Alipopita aliziangalia, akaenda zake. Nadhani na yeye alikuwa anaikumbuka ile kona.

Siku zikaenda. Mitetea mwanzoni walikuwa wanazipiga zile fito kwa midomo tangu alfajiri, mpaka mtu ungedhani seremala ameanza kazi. Baada ya wiki moja wakapunguza. Kulikuwa na mmoja mwekundu, mkubwa, tulimwita Bi Mkubwa, alitoka kwa Mama Rehema enzi zile za kila nyumba wawili. Huyo ndiye anakula kwanza, ndiye analala kichanja cha juu, ndiye aliyechuna wale wa kwanza. Yeye hakupunguza.

Siku ya kumi na moja Mwenyekiti akaja asubuhi, amevaa shati la kijani lililopigwa pasi. Wageni wanatoka wilayani, wataona kijiji, wataona na mradi wa kina mama. Nilikuwa nafagia, na Mama Rehema ananisaidia kumwaga maji.

"Mama Yona, hizo fito zitoke."

"Zimebaki siku kumi, mghosi."

"Wageni wanafika saa nne."

"Na wakaribie. Waone."

"Wataona nini? Wataona tumegawa banda la ujamaa. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia kuku ni wazima."

Mama Rehema akadakia, "Mwaka jana walikuwa pamoja kabisa, Mwenyekiti. Mpaka shimoni walikuwa pamoja."

Mwenyekiti akamtazama, akanirudia. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, wengine wamesimama na majembe. Akapaza sauti kidogo, si sana.

"Mimi ndiye niliyekupa banda hili. Fito zikikutwa hapa saa nne, ujue si mtunza banda tena. Nimesema mbele ya watu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na mlango wenyewe mnaujua, ni wa mtu mmoja. Sikuwa na ujasiri, nikaegemea ufagio. Niliipenda kazi ile. Ilikuwa ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa ambayo jina langu liliandikwa, na niliweza kulisoma. Lakini ile kona nilikuwa naiona kutoka pale niliposimama.

"Sawa," nikasema. "Ila nipe hizo siku kumi nimalize, ndipo nitoke. Ukinitoa leo, atakayekuja hatajua siku ya kufungua."

Akazitazama zile fito. "Siku kumi."

"Kumi tu."

Wageni wakaja. Walikuwa watatu, mmoja kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaingiza kichwa bandani, akauliza, "Hizi fito za nini?" Mimi nikamwachia mwenye kijiji. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Huo ni utaratibu wa kitaalamu." Yule kijana akaandika. Mama Rehema akageuka akaanza kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

Lakini maneno ya asubuhi yalikuwa yameshasikika, na Mwenyekiti hakuyafuta. Sikutegemea ayafute.

Zile siku kumi nilifanya kazi kama mtu anayefunga mizigo. Zilipobaki siku tatu, nilimtoa Bi Mkubwa nikampeleka jikoni kwa Mama Rehema chini ya tenga. Hii ni ya Bi Zaina, na ndiyo kubwa kuliko zote, ishikeni. Mkubwa mwenye vurugu umwondoe siku tatu. Asipokuwepo wenzake wanapanga upya, na akirudi anakuta nafasi yake imekwenda, anakuwa mgeni na yeye. Anajishughulisha na wakubwa wenzake, watoto anawasahau. Mama Rehema alilalamika kila siku. "Mgeni wako amemaliza unga wangu. Na ananitazama nikila. Anataka nianze na yeye."

Siku ya ishirini na moja ilikuwa na jua. Nikatundika kabichi nne, nikatoa fito za katikati, nafasi ya kupita mmoja mmoja, nikageuza ndoo nikakaa. Niwaambie ukweli, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kukaa. Mkono unataka kuingilia. Mtetea akimpiga kifaranga mara moja akamwacha, mwache. Ndivyo wanavyoambizana. Akimfuata mara ya pili, mwache bado. Akimfuata mpaka chini ya tenga na hatoki pale, hapo inuka. Niliinuka mara mbili tu siku nzima. Mmoja alitoka damu juu ya jicho, nikampaka masizi, akaenda kunywa maji na uso mweusi nusu.

Mchana Mama Rehema akamleta Bi Mkubwa. Nilimshusha mwenyewe, mikono yangu inasikia moyo wake unavyokwenda, na sijui ni wake au ni wangu. Akasimama. Mtetea mweupe aliyekuwa wa tatu zamani akamjia kifua mbele. Wakapigana kidogo, wakatulia. Vifaranga wanne walipita kati ya miguu yao wakielekea kwenye kabichi, na hakuna aliyeinamisha kichwa kuwaangalia.

Jioni walipopanda vichanjani Mwenyekiti akaja. Hakusalimia vizuri, akaingia akaanza kuhesabu kwa kidole. Akarudia.

"Ishirini na sita."

"Ishirini na sita," nikasema.

"Wale wale? Hukuongeza wengine?"

"Mghosi, ningewatoa wapi?"

Akainua macho vichanjani. Kuku wakubwa walikuwa juu, wadogo kichanja cha chini, na watatu walikuwa wamejipenyeza juu katikati ya wakubwa kwa ajili ya joto, na wameachwa.

"Banda litabaki la kuku," akasema. "Nitawaambia hao wa mbolea." Halafu akasema, bila kunitazama, "Lakini nilishasema mbele ya watu, Mama Yona. Nikigeuka, kesho hakuna atakayenisikia."

"Najua. Sikukuomba ugeuke."

Nikatoa ufunguo kwenye pindo la khanga nikampa. Aliushika kama kitu cha moto. Akaniuliza, sasa hao wasichana watakaochukua nafasi yako, nani atawafundisha, wewe hutaki kuja hapa kila siku kuangalia watu wengine wakifanya kazi yako. Nikamwambia nimejifunza kuandika, nitawaandikia.

Wale vifaranga sasa ni mitetea, mnawaona, ndio wanaotaga. Na juzi nimesikia lori la Mombo litaleta wengine mwezi ujao. Hao waliokuwa wadogo ndio watakaowapiga hao wageni, msishangae, hawakumbuki chochote. Fito nimezifunga mafungu mawili, ziko nyuma ya banda chini ya bati bovu, hazijaoza. Zisimamisheni siku ile ile lori likifika, kabla hamjanywa chai. Na Mwenyekiti akipita akawauliza, mwamkieni kwanza, halafu mwambieni zitakaa wiki tatu.